Uholanzi Si Nchi ya Shimo

Mwanafunzi akiulizwa asili ya jina Holland, ambalo ndilo lililozaa Uholanzi yetu, aghalabu hujibu bila kusita kwamba maana yake ni nchi iliyobonyea, kwani hol katika Kiholanzi ni uwazi au shimo, na land ni nchi. Wapo walimu wampao alama zote. Mimi ningempa sufuri, ingawa kosa lake linavutia.

Linavutia kwa sababu yapata robo ya nchi hiyo iko chini ya usawa wa bahari, na jina lake rasmi, Nederland, humaanisha kweli nchi ya chini. Lakini tutazame tarehe. Jina Holland lilianza kutajwa kwa eneo la Haarlem, na kufikia mwaka 1064 lilikwisha kuenea jimbo zima. Zama hizo sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa kinamasi cha mimea iliyooza, kilichoinuka kuliko bahari. Wakulima waliochimba mifereji ili kukikausha ndio walioifanya ardhi ididimie, karne baada ya karne. Shimo, basi, lilizaliwa baada ya jina!

Maandishi ya kale yanatupa umbo holtlant, na holt ni miti au msitu. Hapa mwanafunzi makini atauliza: mbona Waholanzi wa leo huiita mbao hout, wala si holt? Swali zuri mno. Katika lugha yao, ol iliyofuatwa na t au d iligeuka kuwa ou. Ndiyo maana dhahabu, ambayo Mjerumani huiita Gold, kwa Mholanzi ni goud. Ila katika holtlant sauti t ilimezwa na l iliyoifuata, tukapata Hollant. Na kwa kuwa t haikuwapo tena, ol ikasalimika. Jina likahifadhi matamshi ambayo neno lenyewe liliyapoteza.

Tena Holland si nchi nzima, bali ni mikoa 2 tu kati ya 12, ya Kaskazini na ya Kusini, iliyotenganishwa mwaka 1840. Serikali yao iliacha kulitumia jina hilo katika kujitangaza ng'ambo mwanzoni mwa mwaka 2020. Sisemi tuache kusema Uholanzi. Neno hilo limekwisha kuwa letu. Lakini mwalimu anapoitandaza ramani darasani, na awaonyeshe pia Friesland na Limburg, ambako mwenyeji akiitwa mtu wa Holland huenda akanuna.