Kupata Mahali kwa Latitudo na Longitudo

Mchukuzi wa mizigo katika soko la Kariakoo, akiambiwa tu ya kuwa mzigo watakiwa Mtaa wa Uhuru, hawezi kujua aende wapi. Mtaa ule ni mrefu: watoka Mnazi Mmoja, wapita Kariakoo, waendelea mpaka Ilala. Basi huuliza, "Uhuru na mtaa gani?" Akijibiwa, "Na Msimbazi," hujitwika akaenda, kwa maana mitaa hiyo miwili yakutana mahali pamoja tu.

Dunia nayo imepigwa mistari namna hiyo, ingawa haionekani ila katika ramani na tufe. Latitudo huhesabiwa toka Ikweta, kwenda kaskazini au kusini, hata kufika digrii 90 kwenye ncha. Longitudo huhesabiwa toka Greenwich, mjini London, kwenda mashariki au magharibi. Ikweta yatokana na mzunguko wa dunia yenyewe. Greenwich ni mapatano ya watu tu, waliyopatana wajumbe wa mataifa huko Washington mwaka 1884.

Kila digrii ina dakika 60. Dakika hizi si za saa. Dakika moja ya latitudo ni mwendo wa yapata kilometa 1.85. Soko la Kariakoo liko yapata digrii 6 dakika 49 kusini, na digrii 39 dakika 16 mashariki. Mtu akiandika "kaskazini" badala ya "kusini", amelihamishia katika milima ya Ethiopia. Akiandika "magharibi" badala ya "mashariki", ameliweka Brazil. Akikosea yote mawili, soko limezama katika Bahari ya Atlantiki.

Kwa mabaharia kosa la namna hii ni mauti. Latitudo waliweza kuipima tangu zamani kwa kimo cha jua au nyota, lakini longitudo iliwashinda. Mwaka 1707 manowari nne za Uingereza zilivunjika usiku penye miamba ya visiwa vya Scilly, wakafa watu zaidi ya 1,000. Hata mbele ya Dar es Salaam iko hatari: Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo kilicho chini sana, yapata kilometa 70 mashariki ya mji. Latitudo yake yakaribia sana ile ya bandari, hivyo nahodha atokaye baharini akiijua latitudo peke yake hawezi kusema kama amekwisha kulipita fungu au bado li mbele yake gizani.

Dawa yake ilikuwa saa. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa. Basi mwenye saa ya kweli ya Greenwich hutazama adhuhuri ya mahali alipo, akahesabu tofauti. Seremala Mwingereza, John Harrison, aliunda saa iliyostahimili mawimbi, ikajaribiwa safarini mwaka 1761.

Jambo hili laonekana hata uani mwa shule. Saa ya Tanzania ni ya mstari wa digrii 45, nayo Dar es Salaam iko karibu digrii 6 magharibi yake, na kila digrii ni dakika nne za saa. Kwa hiyo kijiti kilichosimamishwa wima uani hutoa kivuli chake kifupi kabisa, siku nyingine mapema kidogo, siku nyingine baadaye kidogo, yapata saa sita na dakika 23.