Sindano na Pumzi Mbele ya Maumivu Sugu

Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 1,162 waliokuwa wameteseka kwa maumivu ya kiuno kwa miaka mingi. Waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipata akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba katika nukta maalumu za mwili. Kundi la pili lilichomwa pia, lakini juujuu tu, tena mahali ambapo vitabu vya Kichina havitambui nukta yoyote. La tatu lilipewa matibabu ya kawaida ya dawa na mazoezi ya viungo. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 47.6 katika kundi la kwanza, 44.2 katika la pili, na 27.4 katika la tatu.

Matokeo haya hayampi ushindi mtu wa upande wowote. Anayeamini kwamba sindano lazima iingie katika nukta sahihi anapaswa kueleza kwa nini iliyokosea nukta ilikaribia kuwa sawa na iliyolenga. Anayeiita tiba hiyo upuuzi anapaswa kueleza kwa nini makundi yote mawili ya sindano yaliliacha mbali kundi la dawa na mazoezi. Ili kupata jibu, inabidi kuangalia maumivu yenyewe yanavyotengenezwa. Jibu hilo hilo linasaidia kuielewa tiba ya pili inayotajwa siku hizi sambamba na akupancha, nayo ni uzingativu: zoezi la kuielekeza akili katika jambo linalotukia sasa hivi, kwa kawaida pumzi.

Nadharia ya asili ya akupancha imo katika Huangdi Neijing, kitabu cha tiba kilichokusanywa China takriban miaka 2,000 iliyopita. Kwa mujibu wake, uhai hutiririka mwilini kama nguvu iitwayo qi, ikipita katika mikondo. Mkondo ukiziba ugonjwa huingia, na sindano huufungua. Orodha inayotumika kimataifa leo ina nukta 361 katika mikondo 14. Wanaanatomia wameupasua na kuuchunguza mwili wa mwanadamu kwa karne nyingi bila kuikuta mikondo hiyo. Kitu ambacho sindano hukikuta kwa hakika ni neva. Mchomaji huizungusha taratibu mpaka mgonjwa ahisi uzito, ganzi au mvuto wa ndani kwa ndani, na hisia hiyo ni taarifa inayopanda kwa njia ya neva na uti wa mgongo hadi kwenye ubongo.

Ubongo nao hujibu. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwatia watu wa kujitolea maumivu ya jino, wakayapunguza kwa akupancha, kisha wakawapa naloksoni, dawa inayozuia afyuni na ambayo huwaokoa waliozidisha heroini. Nafuu ikatoweka. Ilikuwa dalili kwamba sindano iliuchochea mwili kutoa endofini, kemikali za ndani zinazofanya kazi kama afyuni. Mtafiti Han Jisheng wa Beijing aliendeleza uchunguzi huo kwa miongo kadhaa, akaonyesha kwamba sindano zikipitishiwa umeme mdogo, kasi tofauti za mapigo ya umeme huamsha kemikali tofauti za aina hiyo.

Hapo mtetezi wa akupancha angependa hadithi iishe. Lakini mwaka 1978, mwaka mmoja tu baadaye, ilionekana kwamba naloksoni huweza kuzima hata nafuu anayoipata mgonjwa aliyeng'olewa jino na kupewa dawa bandia. Maana yake ni kwamba matumaini ya kupona hutumia njia ile ile ya kemikali. Maumivu hayasafiri kutoka kiunoni yakafika kichwani yalivyo. Ubongo huyapima: kuna hatari gani, yupo wa kusaidia, yaliwahi kuisha? Kisha huteremsha amri ya kuyapunguza au kuyakuza. Kwa mwenye maumivu sugu, jeraha la awali mara nyingi limekwisha kupona na mfumo wa tahadhari ndio uliobaki wazi. Mtu huyo haigizi. Anaumwa kweli, na kumwambia kwamba picha za eksirei hazionyeshi kitu ni kumwongezea hofu inayoyakuza maumivu yale yale.

Jaribio lililoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi ni la Ted Kaptchuk na wenzake wa Harvard, lililochapishwa mwaka 2008. Wagonjwa 262 wa tumbo la kunyonga na kuvurugika, ugonjwa wa muda mrefu usioacha alama kwenye vipimo, waligawanywa katika makundi matatu. Wengine waliwekwa kusubiri tu. Wengine walipata akupancha ya bandia, kwa sindano inayorudi ndani ya mpini wake kama kisu cha maigizo, kutoka kwa mchomaji ambaye mazungumzo yake ya mwanzo hayakuzidi dakika 5. Wa mwisho walipata sindano hiyo hiyo ya bandia, ila mchomaji alikaa nao dakika 45 kwanza, akawasikiliza, akauliza maisha yao yakoje, akawapa matumaini. Baada ya wiki 3 waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 28, 44 na 62. Katika wiki hizo hakuna sindano iliyoingia mwilini kwa yeyote kati yao.

Hata hivyo, si haki kusema sindano haina mchango wake. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumuisha majaribio 39 na wagonjwa 20,827 wa maumivu ya mgongo, shingo, bega, magoti na kichwa ulikuta kwamba akupancha halisi iliishinda ya bandia kwa pengo dogo lakini la kweli, na ikaishinda hali ya kutochomwa kabisa kwa pengo kubwa. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilikuwapo bado mwaka mmoja baadaye. Mwongozo wa afya wa Uingereza nao unaruhusu hadi vikao 10 katika wiki 5 hadi 8 kwa wenye kipandauso ambao dawa za kinga hazikuwafaa.

Afrika Mashariki inaifahamu tiba hii kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. China ilianza kutuma timu za madaktari Zanzibar mwaka 1964, wakitoka jimbo la Jiangsu, na Tanzania Bara mwaka 1968, wakitoka Shandong. Watu wa mwambao, waliozoea kuumikwa kwa chuku, hawakuwa na sababu ya kuushangaa uponyaji unaopitia kwenye ngozi. Tatizo la leo ni matangazo yanayoahidi kuponya kisukari, shinikizo la damu, ugumba na saratani. Njia tuliyoieleza inahusu maumivu. Haiui kimelea cha malaria wala haimwongezei insulini mtu ambaye kongosho lake limeacha kuitoa. Anayeacha dawa za kisukari kwa ajili ya sindano anahatarisha macho, figo na miguu yake, na aliyemshawishi anastahili kuwajibishwa.

Uzingativu ulianza kutumika hospitalini kwa ajili ya wagonjwa wa aina ile ile. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, msomi wa baiolojia aliyejifunza kutaamali kwa walimu wa Kibuddha, alifungua kozi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Worcester kwa watu ambao madaktari walikuwa wameishiwa la kuwafanyia. Aliacha ibada akabakiza zoezi: kukaa, kuifuata pumzi, kutambua kwamba akili imetoroka, kuirudisha bila kujilaumu. Zoezi lenyewe halimdai mtu imani yoyote. Kozi ilivyozoeleka baadaye ni ya wiki 8, kila wiki kikao cha saa mbili na nusu, na nyumbani dakika 45 kila siku. Ni kazi kubwa, na majaribio mengi yaliyoupa uzingativu heshima yake yalipima kozi ya namna hii, si dakika 3 za sauti nyororo kwenye simu.

Kazi yake ni kutenganisha vitu viwili vinavyokuja pamoja. Kuna uchungu wenyewe, na kuna msururu wa mawazo unaoufuata: yataisha lini, nitapoteza kazi, nani atalisha wanangu. Anayezoea kuuangalia uchungu bila kuufuata msururu huo hupunguziwa sehemu ya pili ya mzigo. Mwaka 2016 timu ya mtafiti Fadel Zeidan ilijaribu naloksoni hapa pia, na safari hii dawa haikuizima nafuu. Kwa hiyo uzingativu haukutegemea endofini kama sindano, na hiyo ni sababu nzuri ya kuvitumia vyote viwili kwa mgonjwa mmoja.

Mafanikio yake ni ya wastani. Mwaka huo huo wa 2016, kati ya watu wazima 342 wenye maumivu ya mgongo, waliopata ahueni ya maana katika shughuli zao walikuwa asilimia 60.5 kwa uzingativu na 44.1 kwa huduma ya kawaida. Mchanganuo wa majaribio 47 wa mwaka 2014 haukuona kwamba uzingativu unashinda mazoezi ya mwili. Uzingativu umewasaidia waliowahi kupatwa na sonona mara tatu au zaidi ili isiwarudie. Lakini katika jaribio la shule 84 za Uingereza, wanafunzi waliofundishwa hawakupata afya bora ya akili kuliko wenzao wa shule zilizoendelea na masomo ya kawaida. Kwa baadhi ya waliopitia ukatili, kukaa kimya na nafsi huamsha kumbukumbu zinazohitaji mtaalamu karibu.

Kwa anayetaka kujaribu, hakikisha kwanza daktari amekagua chanzo cha maumivu. Sindano ifunguliwe mbele yako na itupwe baada ya kukuchoma, kwa sababu iliyorudiwa huweza kubeba homa ya ini na VVU. Taja kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Usikubali achome kifua mtu asiye na mafunzo, maana pafu likitobolewa husinyaa. Kama vikao 6 havijabadilisha chochote, ziweke fedha zako. Kutembea kila siku na kukaa na pumzi hakuna ada.

Lakini wanaoongoza hospitali zetu ndio wenye deni kubwa zaidi hapa. Mgonjwa wa maumivu sugu anapangishwa foleni tangu alfajiri, anaonwa kwa dakika chache, anaondoka na pakiti ya vidonge ambavyo vikimezwa kwa miaka huweza kuharibu tumbo na figo. Zile dakika 45 za kusikilizwa hazihitaji sindano wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Itengwe siku moja ya wiki kwa wagonjwa hawa, wawepo muuguzi na mtaalamu wa viungo waliofunzwa, na kila mmoja apewe muda wa kueleza anavyoumwa hadi amalize.