Je, Wajua? Saratani Huweza Kushikiliwa Bila Kufa

Mwaka 2007 maabara ya Robert Schreiber, mjini St. Louis, Marekani, ilieleza jambo la ajabu. Panya walidungwa kiasi kidogo cha kemikali inayosababisha saratani. Zaidi ya miezi sita baadaye baadhi yao walikuwa na kijivimbe tu palipopita sindano, nacho hakikui. Watafiti walipoziondoa seli T, askari wa kinga ya mwili, vivimbe katika baadhi ya panya hao vikaanza kukua haraka. Kumbe seli za saratani zilikuwamo, hai, zimedhibitiwa!

Tena kinga huchuja seli za saratani. Vivimbe vilivyokulia kwa panya wenye upungufu wa kinga, vikipandikizwa kwa panya wenye kinga kamili, baadhi hukataliwa. Vilivyokulia kwa panya wenye kinga, vikaizoea, hushika na kukua.