Nyumba Yako, Ardhi ya Mwenzio

Keroka haina bahari. Ni mji wa ndizi na chai, nusu Kisii nusu Nyamira, na kaunti hizo mbili zimegombania ushuru wa soko lake. Mchuuzi wa huko atauliza: Wazungu hupataje pesa kwa kukodisha ufuo mtupu?

Jawabu liko Uingereza, kwa kampuni ya Bourne Leisure. Ilianza mwaka 1964 na kiwanja cha karavani, zile nyumba za magurudumu. Mwaka 2000 ilinunua Haven na Butlin's kutoka kwa Rank kwa pauni milioni 700. Mwaka 2021 Blackstone ya Marekani ikatwaa sehemu kubwa. Mteja hununua karavani, kisha kila mwaka hulipia mahali ilipokaa. Muda ukiisha, huiondoa.

Sisi wa Mombasa hatuhitaji kufunzwa haya. Kisauni na Majengo twaijua nyumba bila ardhi: kuta na bati zako, udongo wa mwenyewe, na mwezi ukiandama hodi ya kodi.

Lakini Mwingereza hukokota karavani yake akaenda zake. Mzee wetu akiambiwa ahame hubomoa, akachukua bati na milango, akauacha msikiti wake na makaburi ya wazazi.