Mtambo wa kurusha mpira: siri iko kwenye msumari

MZAZI, mtoto akikujia Jumamosi jioni akisema kwamba Jumatatu anatakiwa shuleni na mtambo wa kurusha mpira, usimfukuze wala usikimbilie dukani. Karibu kila kinachohitajika kimo mtaani mwako.

Mimi yalinifika mwaka 2024 hapa Kyumbi, pale barabara ya Machakos inapoachana na ile ya Mombasa. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa ameanza kusema ataiacha Fizikia. Alikuwa amefunga manati kwenye ubao, lakini kila aliporusha, mpira uliangukia mahali pengine: mara mita 1, mara mita 3. Mwalimu alitaka hesabu, naye hakuwa na hesabu ya kumpa.

"Mjomba, hiki kitu kinanidanganya," aliniambia, machozi yakimlengalenga.

Hakikuwa kikimdanganya. Mkono wake ndio uliokuwa ukivuta raba mara hivi, mara vile. Nilipojitia kumwonyesha, nilivuta kwa nguvu zangu zote nikavunja chimni ya taa ya mama yake. Basi tukaanza upya.

Fundi wa bomba alitupa kipande cha paipu ya plastiki cha sentimita 30, chenye upana wa kupitisha mpira mdogo bila kukwama. Ndani yake tukaingiza kipande cha mpini wa ufagio kilichozidi paipu kwa urefu. Kwa fundi wa baiskeli tukapata tyubu kuukuu, tukakata mikanda miwili iliyolingana. Kila mkanda ulifungwa upande mmoja kwenye paipu, upande wa pili kwenye ncha ya nyuma ya mpini. Ukiuvuta mpini nyuma, raba hutanuka. Ukiuachilia, unaruka mbele na kuusukuma mpira.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Mpini ukiwa umevutwa, toboa tundu moja linalopenya paipu na mpini, kisha pitisha msumari. Ufunge uzi kwenye kichwa cha msumari. Ukivuta uzi, msumari hutoka na mpira huenda. Raba sasa hutanuka kiasi kile kile kila mara, awe anayerusha ni mtoto au ni mimi mvunja chimni.

Tulifungia mtambo ukingoni mwa meza, ukiwa sambamba na sakafu, mdomo wake ukiwa sentimita 80 kutoka chini. Tulinyunyiza majivu sakafuni ili mpira uache alama. Fanya kazi hii ndani ya nyumba, maana upepo wa nyanda hizi hauna adabu. Wote wakae nyuma ya mtambo, na mtu asichungulie mdomo wa paipu hata kama hauna mpira. Mawe pia ni marufuku. Jicho halina spea.

Mpira wa kwanza uliangukia mita 2. Wa pili, karibu pale pale. Wa tatu vivyo hivyo. Binti alinyamaza, akachukua kalamu.

Mtaliano Galileo alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1638 kwamba mwendo wa kwenda mbele hauzuii ule wa kuanguka. Kwa hiyo mpira unaorushwa sambamba na sakafu hufika chini wakati mmoja na ule unaodondoshwa tu kutoka kimo hicho. Kutoka sentimita 80, huo ni muda wa sekunde 0.4 hivi. Mita 2 ukizigawanya kwa 0.4 unapata mita 5 kwa sekunde. Kasi imepatikana bila saa!

Tukauweka mtambo sakafuni, ukielekea juu kwa nyuzi 45, tukipima kwa kipimapembe chenye uzi na kijiwe kama timazi ya mwashi. Mpiga upinde wa Ukambani naye huinua mshale shabaha ikiwa mbali. Binti akazidisha 5 kwa 5, akagawanya kwa 9.8, akapata mita 2.5 na ushei. Akaweka sinia la mama yake papo hapo kabla ya kurusha.

Mpira ulidunda ukingoni ukatoka. Akarudisha msumari, akavuta uzi tena, na safari hii ukalia katikati ya sinia.

"Mjomba, nyuzi 30 na 60 zinatoa jibu moja kwenye daftari," alisema, akishika tena kipimapembe. "Tujaribu?"

Dada yangu alikuwa mlangoni, akidai sinia lake la kupepetea mchele.