Umevuka miaka 50 na unataka kukimbia marathoni? Anza taratibu

Msikilizaji, marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Mwaka 2004 Ed Whitlock wa Kanada alizimaliza kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48, akiwa na miaka 73. Mazoezi yake? Alizunguka makaburini karibu na kwake, kwa saa nyingi, mwendo wa taratibu.

Hapo ndipo wengi hukosea. Siku ya kwanza mtu anatimka kama anafukuza mwizi, siku ya tatu goti limevimba. Mwili wa mtu mzima huchelewa kupona. Pima presha kwanza. Kimbia mwendo unaokuruhusu kupiga soga, kesho yake pumzika. Kifua kikibana, simama hapo hapo, uende kituo cha afya siku hiyo hiyo.