Blogu na Wasomaji Wake: Kweli au Si Kweli?

Ukiperuzi blogu za Kiswahili zilizofunguliwa miaka ya nyuma, utakutana na nyingi zilizoishia makala ya nne au ya tano. Wenyewe walikuwa na mengi ya kusema. Kilichowachosha wengi wao ni ushauri: walifanya kila walichoambiwa, wasomaji hawakuja, wakaacha. Ushauri huohuo bado unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye semina za kulipia. Nimeuchukua hapa dai kwa dai, kwa sababu lugha yetu inazihitaji blogu zinazodumu.

"Ukitaka wasomaji wengi, andika kwa Kiingereza"

Si kweli, na kati ya madai yote hili ndilo linalotuumiza zaidi.

Ndesanjo Macha alianzisha Jikomboe, mojawapo ya blogu za mwanzo kabisa za Kiswahili, mwaka 2004, wakati hata neno "blogu" lilikuwa geni masikioni mwa watu. Mwaka uliofuata Muhidin Issa Michuzi, mpigapicha wa gazeti la Daily News, alifungua yake akiwa Helsinki, Finland. Blogu ya Michuzi ilikaa kwenye anuani ya bure ya blogspot, ikajaa picha na maelezo mafupi ya Kiswahili cha mtaani, na Watanzania walioko ughaibuni wakaifanya mahali pa kujua nyumbani kunaendaje: nani kafiwa, nani kaoa, mkutano gani umefanyika wapi. Hakuna aliyemdai Michuzi Kiingereza, wala domeini ya kulipia.

UNESCO inawahesabu wazungumzaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200, na mwaka 2021 iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Lakini kwa bloga, kuna jambo lenye uzito kuliko idadi hiyo. Mtu akitafuta kwa Kiingereza namna ya kufuga kuku, hupata kurasa zisizo na hesabu kutoka Marekani, Uingereza na Australia, zinazozungumzia mabanda na dawa ambazo hazipo kwenye duka la pembejeo la Morogoro. Anayeandika "chanjo ya kideri kwa kuku wa kienyeji" hupata kurasa chache mno, na nyingi zinaishia kusema "muone mtaalamu". Bloga akimweleza kwamba ipo chanjo aina ya I-2 inayostahimili joto kuliko nyingine, kwamba kila kuku hupewa tone moja jichoni, kwamba hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na kwamba ni ya kinga tu, haimponyi kuku aliyekwisha kuugua, makala hiyo itasomwa mwaka huu, mwakani na miaka inayofuata. Huyo msomaji hana pengine pa kwenda.

Ni kweli kwamba watangazaji hulipia zaidi msomaji aliyeko Marekani kuliko aliyeko Singida. Kama unawaandikia wawekezaji wa nje au watalii, Kiingereza ndiyo lugha yao. Ila kama unamwandikia mfugaji, mama mjamzito au mwanafunzi wa kidato cha nne, usimkimbie kwa kufuata bei ya tangazo.

"Chapisha kila siku, la sivyo Google itakusahau"

Si kweli. Google haina kanuni ya kuipa blogu daraja kwa wingi wa makala zake. Blogu ya habari lazima ichapishe kila siku kwa kuwa habari hutokea kila siku. Mtu mmoja mwenye kazi na familia, anayeandika kuhusu afya, sheria au mapishi, akijilazimisha hivyo ataanza kujaza nafasi. Makala moja kwa wiki, au hata kwa wiki mbili, inatosha, mradi siku yake ijulikane na isikose.

Muda unaobaki uupeleke kwenye makala za zamani. Hili mabloga wengi hawalifanyi kabisa. Makala kuhusu mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu Tanzania, iliyoandikwa miaka mitatu iliyopita na kuachwa bila kuguswa inampotosha mwanafunzi, kwani taratibu na tarehe za maombi hubadilika. Isahihishe, na juu kabisa andika tarehe uliyoisahihisha.

"Rudia neno kuu mara nyingi ili Google ikuone"

Si kweli, na ni zamani sana tangu iwe kweli. Ile orodha ya maneno makuu inayofichwa kwenye msimbo wa ukurasa, ambayo baadhi ya mafundi bado wanawatoza watu fedha kuijaza, Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haiitumii katika kupanga matokeo. Kurudia neno ndani ya makala ndiyo kabisa: kunamchosha msomaji, na Google huihesabu tabia hiyo kuwa hila.

Kinachofanya kazi ni kichwa cha habari kinachosema kama msomaji anavyosema. Chukua mfano wa cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara. Nimewaona mabloga wakiandika vichwa vya aina hii: "Umuhimu wa Nyaraka za Utambulisho katika Jamii Yetu". Hakuna binadamu anayeandika hivyo kwenye simu yake. Mtu aliyepoteza cheti huandika "cheti cha kuzaliwa kimepotea nifanyeje". Basi mpe "Cheti cha kuzaliwa kimepotea: hatua za kupata kingine RITA". Aya ya kwanza imwambie anahitaji vielelezo gani na aanzie wapi. Historia ya usajili wa vizazi, kama huna budi kuiandika, ikae chini.

Maneno ya wasomaji usiyabuni kichwani. Google Search Console ni zana ya bure. Inakuonyesha maneno halisi ambayo watu waliyaandika mpaka blogu yako ikajitokeza, na ilijitokeza nafasi ya ngapi. Ukikuta swali ambalo blogu yako iko nafasi ya kumi na mbili na hujawahi kuliandikia makala ya peke yake, umepata kazi ya wiki. Tazama pia namna watu wanavyoandika: wapo wanaotafuta "kupika pilau", wapo wa "pilau ya nyama jinsi ya kupika", na Mkenya hutumia maneno tofauti na ya Mtanzania kwa kitu kilekile. Makala iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kawaida, chenye visawe vyake, huwabeba wote bila kulazimisha.

"Makala ndefu hupanda juu"

Si kweli. Urefu wenyewe haupimwi. Swali la bei au tarehe linajibiwa kwa aya mbili; mgogoro wa mirathi unaweza kudai maneno elfu mbili.

"Picha nyingi nzuri ndizo zinazovuta wasomaji"

Nusu kweli. Picha inavuta, lakini msomaji wako analipia bando. Picha moja ya simu ya kisasa mara nyingi ina MB 3 hadi 5. Ukiweka picha 12 za harusi zenye MB 4 kila moja jinsi zilivyotoka kwenye kamera, umemtwisha msomaji MB 48 kwa ukurasa mmoja. Mtu aliyenunua bando dogo la siku akishaona limekwisha kwenye blogu yako, harudi. Picha hizohizo ukizipunguza hadi upana wa pikseli 1,200 na kuzibana kidogo, kila moja hushuka chini ya KB 200. Zote 12 hazifiki MB 2.5, na kwenye kioo cha simu jicho halioni tofauti. Zana za kubana picha bure zimejaa mtandaoni, na kazi yenyewe haimalizi dakika kumi.

Google nayo sasa inausoma ukurasa kwa toleo lake la simu kwanza, utaratibu uliotangazwa 2016 na kukamilika 2023, na inapendekeza sehemu iliyo kubwa kuliko zote kwenye ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Kwa hiyo usiikague blogu yako kwenye kompyuta ya ofisini yenye Wi-Fi. Ifungue kwenye simu ya bei nafuu, kwa data, ukiwa ndani ya daladala.

"Kukopi na kupesti ni sawa mradi utaje chanzo"

Si kweli. Kutaja chanzo si ruhusa ya mwenye kazi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, Kenya ina yake ya 2001. Zaidi ya sheria, Google ikikuta maandishi yaleyale kwenye kurasa ishirini huchagua ukurasa mmoja wa kuuonyesha, na mara nyingi si wa aliyekopi.

"Blogu zimepitwa na wakati, watu wako TikTok na Instagram"

Watu wako huko, hilo ni kweli. Kwamba blogu imepitwa na wakati, si kweli.

Mitandao ya kijamii ina mwenyewe, na si wewe. Hata Google Reader, zana ya kufuatilia blogu iliyotumiwa na wasomaji wengi duniani, ilifungwa Julai 2013. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ikafuata mwaka 2019. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na aliyekuwa amewakusanya wasomaji wake wote pale akabaki na wale tu wanaojua kuzunguka kwa VPN. Tanzania nako mtandao wa X ulifungwa mwaka 2025. Mwenye blogu na orodha ya barua pepe za wasomaji wake ana njia nyingine ya kuwafikia. Mwenye ukurasa wa Facebook peke yake hana.

Tumia mitandao hiyo kuwaleta watu kwako. Kwetu sisi WhatsApp ndiyo yenye nguvu, ila usitegemee kusambaza kwa fujo: tangu 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi hutumwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa mara moja. Linki yako ikitua kwenye grupu la wazazi wa shule au la wanakikoba, kinachoonekana ni kichwa cha habari na picha ndogo. Jambo lenyewe likae kwenye maneno ya mwanzo ya kichwa.

"Blogu ni yako, hakuna wa kukuuliza"

Kwa Tanzania, si kweli, na wengi wamelijua hilo kwa machungu. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka mabloga kupata leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na gharama za kuanzia, yaani maombi, leseni na ada ya mwaka, zilifika Sh 2,100,000. Baadhi walifunga blogu zao. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa tena baadaye, kwa hiyo soma toleo linalotumika sasa kabla ya kuchapisha, hasa kama unaandika habari na matukio. Naamini kumtoza mtu binafsi fedha kubwa namna ile ili aandike kulizima sauti ambazo taifa lilizihitaji.

"Idadi ya waliotembelea ndiyo kipimo cha blogu"

Si kweli. NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, inapotangaza matokeo ya kidato cha nne, blogu yoyote iliyoweka linki hupata mafuriko ya wageni kwa siku mbili tatu, kisha kimya. Hao walikuja kwa matokeo. Hawajui hata jina la blogu. Kipimo changu ni wangapi wamerudi mwezi huu bila kuitwa, na wangapi wameniandikia kuuliza jambo jingine.

Basi wewe mwenye blogu iliyolala, ifungue wiki hii. Chagua makala tano za zamani ambazo bado zina faida. Zisahihishe, zipe vichwa vinavyosema kama watu wanavyouliza, bana picha zake. Kisha zitume kwa watu kumi unaowajua, mmoja mmoja kwa jina lake, wale ambao jambo hilo linawahusu kweli, na uwaulize ni nini hawakukielewa.